Ndani Kukoje

Miezi ya mvua, ziwa likifungwa, mchanga wa Kashikishi hauna kazi. Serikali inakataza kuvua ili samaki wazae, nyavu zinakunjwa na kuwekwa juu ya dari, na hata ukipata chisense, wale dagaa wetu wadogo, huwezi kuwakausha kwa sababu jua linachungulia tu na kurudi ndani. Wenye akili zao wote wanakwenda mashambani. Mtu mmoja tu alikuwa anabaki ufukweni kila asubuhi, ameinama na ufagio wa vijiti, anafagia mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuanika. Ndiye ninayetaka kumwandika hapa, na nikiri mapema kwamba kwa muda mrefu nilidhani ana kasoro ya kichwa.

Hakuwa wa kwetu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Kongo, aliyevuka na sabuni, vitenge na mafuta ya mawese, na kurudi na magunia ya samaki wakavu. Mwishowe akakodi chumba nyuma ya nyumba yetu na kuanza kukausha samaki mwenyewe. Umri wake ulikuwa sawa na wa dada yangu wa kwanza, kwa hiyo nikamwita Yaya, jinsi watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa. Mimi nyumbani nasema Kibemba. Kiswahili nilikiokota pale mchangani, kwake, mara nyingi tukiwa tunagombana, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika Kiswahili changu kinanyooka.

Mchanga ule haukuwa na hati. Sheria yake ilikuwa moja: anayefagia ndiye mwenye mahali. Unaondoa mawe, magamba ya samaki na kinyesi cha mbuzi mpaka pawe safi pa kuanika chakula cha watu. Ukiacha siku kadhaa, mwanamke mwingine ana haki ya kuleta ufagio wake, na huna pa kulalamika. Miezi ya ziwa kufungwa sisi wenyeji tulisameheana, hakuna aliyemnyang'anya mwenzake wakati wote tuko mashambani. Yaya hakuamini kwamba msamaha huo unamhusu. Alikuwa mgeni, akafagia.

Mwaka ninaousimulia ni wa mwishoni mwa miaka ya tisini, na uchaguzi wa madiwani uliangukia katikati ya mvua. Kata yetu ilichukua kisiwa na kipande cha ufukwe, pamoja na mchanga wetu. Waliogombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa na duka na lori, na alisema mbele ya watu kwamba mchanga ule unanuka, unaitia aibu wilaya, na yeye atauzungushia ua ajenge ghala. Wa pili alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakuahidi karibu kitu chochote. Alisema tu kwamba mchanga utabaki wa wanawake wanaoufagia.

Kwetu sisi ua ungekuwa hasara. Tungenung'unika, halafu tungehamia mahali pengine, maana tuna mashamba na ndugu. Kwa Yaya ungekuwa mwisho wa habari. Kile kipande cha mchanga ndicho kilichowalisha watoto wake wanne, na mama yake mzazi aliyebaki ng'ambo, ambako vita vilikuwa vimeanza tena. Upande huu hakuwa na ndugu wa kumpa mahali pengine, upande ule hapakuwa na soko la kurudia. Na katika watu wote wa mchangani, yeye peke yake hakuwa na kura.

Asubuhi moja, kama siku kumi kabla ya uchaguzi, alinikuta jikoni nikimenya mihogo.

"Mudogo, karte yako ya kuchagula iko wapi?"

Nikamwambia sijui, labda ipo kwenye mkebe wa sukari. Akaenda mwenyewe akaitoa. Aliipangusa kwenye kitenge chake, akaiangalia picha yangu, akacheka kwamba nimetoa macho kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku. Halafu akataka nimsomee kila neno lililoandikwa. Nikasoma jina langu, nikasoma namba, nikafika kwenye kituo cha kupigia kura, nikakisoma mara mbili. Kituo kilikuwa cha kisiwani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Waandikishaji walikuja miaka kadhaa nyuma, wakati wa samaki wengi, na wakati huo karibu wanawake wote wa mchanga wetu tulikuwa kwenye kambi ya kisiwani, tunapasua na kukausha samaki pamoja na wavuvi. Walileta kamera yao mpaka kambini, tukafurahi kama nini, hakuna foleni, hakuna kutembea. Tukapigwa picha na magamba mikononi, tukaweka kadi mbali, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza siku ya kuitumia atakuwa wapi. Watu wanaoishi kwa kufuata samaki ndio wanaofanya kosa la namna hiyo. Sasa ziwa lilikuwa limefungwa, kambi haina mtu, sisi tuko kwenye mihogo njia ya Kafutuma, na kura zetu ziko kisiwani, ng'ambo ya maji yenye mawimbi ya mvua.

"Basi, imekwisha," nikasema, na nakumbuka nilisema kwa raha kidogo, kwa sababu nilipata kisingizio. "Sitavuka ziwa na mvua hii kwa kura moja. Kura moja inafanya nini?"

Yaya alitoka na kadi yangu mkononi, akashuka ufukweni, nami nikamfuata mbio nikidai kitu changu. Alisimama kwenye kipande chake cha mchanga, kisafi kama sahani.

"Alor, nikuulize. Leo iko samaki hapa?"

"Hapana."

"Na mi nafagia juu ya nini, sababu gani?"

"Sijui, Yaya. Umezoea."

"Nafagia juu siku samaki itakuya, mutu asiseme hapa hapana mwenyewe. Nikiacha siku moya, hapana shida. Siku mbili, hapana shida. Ile ya tatu nakuta mufagio ya mungine." Akaniwekea kadi kifuani kwa nguvu. "We uko na mufagio yako. Umeificha mu mukebe ya sukari."

Nilikasirika. Nikamwambia yeye si wa hapa, siasa yetu haimhusu, aache kutuendesha. Maneno hayo bado yananichoma. Yeye alikaa chini kwenye ukingo wa mashua yake na kunieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza kwa miaka yote tuliyojuana. Alisema kwao, zamani akiwa msichana, waliitwa siku moja kwenda kuchagua. Walipewa karatasi za rangi mbili, na jina la mtu lilikuwa moja tu. Rangi moja ya kumkubali, rangi ya pili ya kumkataa. Askari alikuwa amesimama pale pale kwenye sanduku, akiangalia kila mkono umeshika rangi gani.

"Shangazi yangu alichukua ile ingine. Juu alizoea kusema kweli, njo ile tu. Askari akamwandika jina. Tangu siku ile, mu kila biro ya serikali anaenda, papiye yake inapotea. Ile haikukuwa kutuuliza, mudogo. Mi hapana mutu alisha kuniuliza unataka nani. Beye bakubwa banapanga, shiye tunasikia ku radio." Akainyooshea kidole kadi yangu. "Kama ni kwenda pa nafasi yako, ningeenda. Hapana buwezo. Alor uende we."

Nilirudi jikoni nikamaliza mihogo yangu huku nimeona aibu, na kesho yake nilipomwona anatoka na fimbo na chupa ya maji kwenda mashambani kuwatafuta wenzetu, nilimfuata. Simwongezei sifa: mimi nilimfuata tu, maneno aliyasema yeye. Kwenye kila shamba alianza kwa kushika jembe. Alilima mstari mmoja na mwenye shamba, wakiongea habari za watoto, na mwisho wa mstari ndipo alipouliza kadi iko wapi. Mmoja alikuwa nayo ndani ya Biblia. Mwingine alikuwa ameikatia kona ili itoshe kwenye mfuko. Mmoja alisema mume wake hataki, na Yaya akaenda kumlimia mume mistari miwili huku akimsifia mihogo yake, mpaka mwanamume mwenyewe akauliza mashua inaondoka saa ngapi. Mimi ningemtukana. Nilimtazama nikamwona ana subira ambayo Mungu hakunipa.

Siku yenyewe tulikutana ufukweni alfajiri, wanawake kumi na mmoja, mvua nyembamba inanyesha. Mashua ilikuwa ya Yaya, haina injini. Vijana wawili wa yule mwenye lori walikuwa wametangulia kutusubiri, wamevaa makoti ya plastiki. Mmoja wao akamwambia Yaya kwa Kibemba kwamba mgeni haruhusiwi kuingia kwenye uchaguzi wa watu, na akijaribu ataitiwa polisi.

"Siingie," Yaya akajibu, kwa Kiswahili, polepole, kama anayemwambia mtoto mkaidi. "Nitabakia mu mashua. Mashua ni yangu, maji ni ya Mungu. Uite polisi, nitamungoja."

Tukapanda. Wanaume watatu wa kwetu waliokuwa wamesimama kutucheka walituona kweli tunasukuma, wake zao wamo ndani na makasia mikononi, wakaona haya. Kabla hatujafika mbali, mashua mbili zikaingia majini nyuma yetu, zimejaa watu walioandikishwa kambini kama sisi. Mimi niliyesema imekwisha nilianza kuimba.

Sitasema safari ilikuwa nyepesi. Mawimbi yalikuja kwa ubavu, tulikuwa wawili wawili kwa zamu kwenye makasia na wengine wakichota maji kwa sufuria, na mwenzetu mmoja alitapika njia nzima na kumlaani Yaya, halafu anaomba msamaha, halafu analaani tena. Yaya alikaa nyuma akiongoza. Alikuwa na homa ya juzi, nilijua, na hakutaka niseme.

Kituo kilikuwa ndani ya darasa moja la udongo. Wasimamizi walikuwa wamekaa wameshika mashavu. Tangu asubuhi walikuwa wameona wazee wachache tu wa kisiwani, wakategemea kufunga mapema. Walipotuona tunapanda kutoka majini tumelowa, tumeshikilia kadi juu ya vichwa zisiharibike, msimamizi mkubwa alisimama na kuanza kunyoosha karatasi zake, ghafla akawa mtu mwenye kazi muhimu.

Yaya alibaki. Alituangalia mpaka tumeingia kwenye mstari, halafu akarudi ndani ya mashua, akaanza kuitoa maji. Askari wa kituo, mtu mpole, alimwendea na kumwambia aje akae barazani asinyeshewe. Akakataa. Alikuwa amesema atabaki kwenye mashua, na akabaki, saa zote zile, kitenge kimoja kichwani na kingine mabegani, mpaka wa mwisho wetu alipotoka.

Mimi nilipiga kura yangu kwa haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Wakanipaka wino kwenye kidole gumba, nikatoka.

Tulipokuwa katikati ya maji tukirudi, mvua imekatika, kila mtu anasifu kidole chake, Yaya akauliza.

"Bon. Muniambie. Mule ndani kukoje?"

Tukacheka. Ndani kukoje, ni darasa tu.

"Hapana. Muniambie muzuri. Karatasi iko rangi gani? Ni moya ao mbili?"

Tukatazamana. Mmoja akasema nyeupe, mwingine akasema hapana, ina kijani kidogo, wa tatu akaapa kwamba ni ya njano. Moja, tulikubaliana, hilo tulikuwa na hakika nalo. Akauliza kalamu ilikuwa ya namna gani. Mmoja akasema ilifungwa kwa kamba kwenye meza, mwingine akasema haikufungwa, wakaanza kubishana. Akauliza askari alikuwa wapi wakati tunaandika. Hakuna aliyekumbuka kumwona. Akauliza kama kweli mtu anakuwa peke yake, peke yake kabisa, hakuna anayeangalia mkono.

"Peke yako, Yaya," nikasema. "Kuna boksi la karatasi ngumu, unainama nyuma yake."

"Na unasikiaka namna gani pale?"

Aliniuliza mimi, ananitazama mimi, kasia limetulia. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mwanamke huyu angetoa chochote ili asimame, na nikapita pale nikifikiria mihogo niliyoiacha kwenye maji. Nikaona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikamwambia sijui, Yaya, nisamehe, sikuangalia. Akatikisa kichwa tu, akaanza kupiga kasia tena.

Mkunga alishindwa. Ninaandika hilo wazi kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba mashua tatu ziligeuza kila kitu, na hazikugeuza. Yaya alipopata habari alikaa siku nzima mlangoni pake. Kesho yake alfajiri nikasikia ufagio wake mchangani, sh, sh, sh, nikatoka na wangu. Tulifagia pamoja, kila mtu kipande chake. Wengine waliokuwa kisiwani nao wakaja siku zilizofuata, wakaacha mihogo na kushuka na mifagio yao ingawa ziwa lilikuwa bado limefungwa.

Mwezi wa tatu ziwa likafunguliwa, na wiki hiyo hiyo diwani mpya, mwenye lori, akatokea mchangani. Alikuja kwa miguu, bila vijana wake. Tulikuwa tumeanika chisense kila mahali, hana pa kukanyaga, ikabidi asimame pembeni kama mgeni anayebisha hodi. Akasema amekuja kuuliza kuhusu habari ya ua. Nasema alisema kuuliza, na neno hilo tulilisikia wote. Alisema kule kisiwani alitegemea sanduku tupu, akakuta limejaa, na karibu zote si zake. Akasema yeye ni mfanyabiashara na anajua kusoma ishara. Watu waliovuka maji yale siku ile, uchaguzi ujao watavuka tena, kwa hiyo ni afadhali wazungumze sasa. Halafu akauliza nani aliwapeleka.

Macho yetu yote yalikwenda upande mmoja. Yaya alikuwa ameinama, anageuza samaki wake.

"Mi nilipeleka mashua tu, mukubwa," akasema bila kuinuka. "Kwenda, balienda benyewe."

Ghala lilijengwa upande wa barabara. Mchanga ulibaki.

Sikumsifu Yaya vya kutosha akiwa karibu, ndiyo tabia yangu. Niliwahi kumwambia mara moja tu kwamba namheshimu kuliko mtu mwingine yeyote wa ufukwe ule, akaniuliza kama nina malaria. Vita vya kwao vilipotulia alivuka kurudi kwa mama yake, akaniachia ufagio na kile kipande cha mchanga, akaniagiza nisikiache hata siku mbili.

Nami tangu hapo kila uchaguzi ninaangalia. Naangalia karatasi, mbele na nyuma. Naangalia meza, sanduku, kufuli la sanduku, askari amesimama wapi. Wasimamizi wananiambia mama, fanya haraka, watu wanangoja. Siwezi. Sasa nimeshajua namna mtu anavyojisikia pale, na kila kitu nilikuwa nakiweka akilini ili nikimpata Yaya nimwambie.

Miaka ikapita, ikafika zamu ya Kongo kuulizwa kwa kura. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa ufukweni, mfanyabiashara mmoja wa Kongo akashuka na mitungi ya mawese, akauliza wanawake nani kati yao ni mudogo wa Yaya fulani. Nikasema ni mimi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akaniomba ninyamaze asisahau, kwa sababu alilazimishwa kuukariri ujumbe mara tatu kabla ya kuruhusiwa kupanda mashua. Akafumba macho.

"Anasema karatasi ni mweupe, ni mukubwa, iko na picha ya batu mingi. Anasema ni rangi moya. Anasema kalamu ilifungwa na kamba, na kamba ni mufupi, inabidi uiname. Anasema askari alikuwa inje, alitupatia mugongo." Akafumbua macho. "Na anasema alikuwa peke yake kabisa. Akabakia mule mpaka bakamuita atoke."

Nililia pale pale mbele ya watu, samaki mkononi. Yule mtu akaniuliza apeleke jibu gani. Nikamwambia amwambie kwamba mchanga wake nimeufagia leo.